Begi la Anayetoka

Kuna watu wanaojua kusoma uso, na kuna wanaojua kusoma moyo. Bi Futi alijua kusoma kiuno. Mtu akikatiza tu mbele ya meza yake ya kukatia, alikuwa ameshajua suruali yake itakula kitambaa kiasi gani na wapi itambana akikaa. Alikuwa mkuu wa meza hiyo katika karakana ya kushona sare za shule, na jina alilipata kwa sababu ya futi ya kupimia aliyoitundika shingoni tangu asubuhi mpaka jioni, hata akienda msalani. Miaka thelathini alikuwa akipima watu, na kwa miaka hiyo yote alijipiga kifua kwamba hajawahi kumuuliza mteja umri.

“Umri wa nini?” alikuwa akisema. “Umevaa umri wewe hapo?”

Wenzake walicheka, kwa sababu Bi Futi alikuwa haambiliki.

Kila mwaka, msimu wa sare ukiisha na cherehani zikapumua, karakana ilikuwa na desturi yake. Mabaki ya vitambaa yaliyorundikana chini ya meza yalishonwa nguo za watoto wa makao yaliyokuwa mtaa wa nyuma, watoto wasio na wazazi wa kuwashonea. Bi Futi alikwenda mwenyewe kuwapima, akifuatana na fundi wa vifungo, mwanamume mfupi mwenye maneno mengi ambaye kila mtu alimwita Vifungo. Watoto walipanga foleni kwenye ukumbi wa kulia chakula. Bi Futi alipima, Vifungo aliandika. Hawakuandika majina wala miaka. Waliandika namba ya mtoto, kama ni wa kike au wa kiume, kisha mabega, kifua, kiuno na urefu. Kwa kushona nguo, hayo yalitosha na kubaki.

Mwaka huo walishapima watoto wote arobaini na mmoja, karatasi iko tayari, ndipo tajiri wa karakana alipouza mabaki yote ya vitambaa kwa watu wa magodoro. Hakumwambia mtu. Asubuhi moja walikuta chini ya meza kumefagiwa kweupe, na tajiri anapiga mluzi.

“Sasa watoto tutawapelekea nini, mluzi?” aliuliza Vifungo, ila aliuliza tajiri alipokwisha kutoka.

Wafanyakazi wakachanga. Walitoa walichokuwa nacho, na walichokuwa nacho hakikuwa kitu cha kutangaza. Ikakatwa kauli kwamba Bi Futi aende sokoni, anunue zawadi ndogo ndogo, kila mtoto apate kitu. Akapelekewa habari mlezi mkuu wa makao, mwanamke mtaratibu ambaye watoto walimwita Mama Mlezi, naye akajibu kwa barua ya nusu ukurasa. Alishukuru. Kisha akaomba jambo moja.

Jambo lenyewe lilikuwa begi.

Kwenye makao yale, mtoto akitimiza miaka kumi na minane anatoka, akajitegemee. Zamani walikuwa wakiitwa ofisini kuambiwa. Matokeo yake, watoto wakaiogopa ofisi kuliko nyoka; hata aliyeitwa kupewa dawa ya minyoo alikimbilia juu ya paa. Ndipo makao yakabuni njia nyingine. Siku ya zawadi, watoto wote wanafungua vifurushi kwa wakati mmoja, na yule anayekuta begi la safari ndiye anayetoka mwaka huo. Hakuna hotuba. Wenzake wanainuka, wanampa mkono mmoja mmoja, na yeye anakuwa na mwezi mmoja wa kujipanga. Wengi wao waliletwa pale wakiwa wachanga, hawana cheti wala shangazi wa kuwaambia walizaliwa lini. Miaka yao ilikuwa ndani ya daftari la Mama Mlezi, na daftari lilikuwa ndani ya kabati lenye ufunguo. Kwa hiyo kila mmoja aliyejiona amekuakua alifungua kifurushi chake roho mkononi.

“Mwaka huu hatuna uwezo wa kununua begi,” barua ilisema, “nanyi mkiweza kutusaidia tutashukuru sana. Anayetoka ni mmoja tu. Namba yake nitawaletea.”

Bi Futi alikwenda sokoni na Vifungo siku mbili mfululizo. Walizunguka kwenye vibanda vya vitu vya bei ndogo, na hapo ndipo Vifungo alipogundua kwamba mwenzake ana sheria. Kitu kiwe cha bei ya chini lakini kisionekane hivyo. Kisiwe cha betri, kwa sababu betri ikiisha zawadi imekufa na hakuna wa kununua nyingine. Kisiwe cha vipande ishirini, kwa sababu kipande cha kumi na tatu kitapotea kabla ya magharibi. Kisiwe filimbi.

“Filimbi ni rahisi, dada,” Vifungo alijaribu.

“Rahisi kwako unayelala kwako. Wafikirie walezi.”

Kwa wachanga alichukua mipira ya kitambaa na vikombe vya plastiki vinavyoingiliana. Kwa waliokuwa wakitambua mambo kidogo alichukua rangi za kuchorea, na alizijaribu moja moja kwenye kiganja mpaka mwenye duka akanuna. Wale wa katikati aliwapatia kamba za kuruka zenye vishikio vya mbao, mipira, na chati za kuchezea kete. Wakubwa ndio waliomtesa. Muuzaji mmoja alimsukumia boksi la sabuni.

“Wakubwa wote huwa wanapewa sabuni, mama. Sabuni haikosei.”

“Kijana wa watu unampa sabuni siku ya zawadi, si unamwambia ananuka?”

Mwisho akawapatia kalamu nzuri, soksi, vioo vya mfukoni, vitana, na shajara zenye jalada gumu ambazo muuzaji alikuwa amezikatia tamaa. Begi akalichagua mwisho, na hilo alilichagua kama anamchagulia mwanawe. Lilikuwa begi la turubai, mishono yake imepigwa mara mbili, mkanda mrefu wa kuvaa begani. Ndani akatia blanketi, sufuria yenye mfuniko, taulo na kufuli. Kwenye kufuli Vifungo alishangaa.

“Mtu anayeanza maisha,” Bi Futi alimwambia, “anahitaji kitu cha kufunga nyuma yake.”

Zawadi zilikwenda kwa vipimo. Bi Futi aliitandaza ile karatasi ya vipimo juu ya meza ya kukatia, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akitaja kitu na Vifungo akifunga. Walifungia karatasi za kaki zilizokwisha kutumika kuchorea mitindo, kwa hiyo kila kifurushi kilikuwa na nusu ya mkono wa shati au kipande cha kola mgongoni, na juu yake namba kwa chaki. Namba ishirini na tatu, wa kike, kifua inchi ishirini na saba, urefu wa mtoto wa miaka kumi: kamba ya kuruka. Hakusita hata kidogo.

Namba ya anayetoka ilikuwa haijaja. Walingoja siku hiyo, wakangoja na ya pili. Asubuhi ya kupeleka zawadi begi lilikuwa bado limekaa juu ya meza, halina namba.

“Mpigie simu Mama Mlezi,” alisema Vifungo.

“Ana watoto wagonjwa, nimesikia. Nimsumbue kwa kitu ninachokiona kwa macho yangu?” Bi Futi akaivuta karatasi. “Anatoka mmoja. Mkubwa kuliko wote. Haya tazama hapa. Namba tisa. Kifua thelathini na sita, mabega ya mbebaji mizigo, na urefu huo mpaka nilipanda kiti. Baada yake hakuna hata mmoja anayemkaribia. Sasa simu ya nini?”

“Kupiga simu hakuumi, dada.”

“Vifungo, mimi napima watu tangu wewe hujajua kutia uzi kwenye sindano.”

Hilo lilikuwa kweli, na Vifungo akamsogezea chaki. Baadaye alisema ilimpasa ang'ang'anie, lakini baadaye kila mtu anang'ang'ania. Bi Futi alichukua chaki, akaandika tisa kubwa juu ya kaki, na mkia wake akaupinda vizuri.

Ukumbi wa makao ulikuwa umepigwa deki, bado una harufu ya dawa ya sakafu. Watoto walikaa kwenye mabenchi, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Mama Mlezi hakuwapo. Alikuwa chumba cha wachanga, ambako wawili walikuwa na homa, na alituma neno kwamba waanze, atawakuta. Vifungo aliita namba kwa madaha kama mnadi wa mnadani. Kila mtoto anayeweza kutembea alikuja, akapokea kwa mikono miwili, akarudi kukaa na kifurushi mapajani bila kukifungua. Namba tisa alikuwa mvulana mrefu ambaye wenzake walimwita Mnara. Alipopokea kifurushi chake na kuona ukubwa wake, alitembea kurudi kwenye benchi taratibu mno. Bi Futi alimwona, akadhani ni adabu.

Mlezi mmoja mdogo akapiga makofi mara moja. Karatasi zikachanwa kwa pamoja.

Kelele ile Bi Futi aliipenda. Alisimama ukutani, mikono kifuani, akiwatazama watoto waliopata rangi wakiwa wameshaanza kuchora kwenye kaki, na msichana mmoja akijitazama kwenye kioo jino moja baada ya jingine. Kwa dakika nzima alikuwa mtu aliyeridhika na nafsi yake.

Kisha vichwa kwenye mabenchi ya nyuma vikageuka upande mmoja. Mnara alikuwa ametoa blanketi, akalitazama. Akatoa sufuria, taulo na kufuli, akavipanga mbele yake. Halafu akaanza kuvirudisha begini kimoja kimoja, akikunja vizuri, kama mtu anayeogopa kukosea. Wenzake wakainuka kama ilivyo desturi, wakaanza kumpa mkono. Alipokea mikono mitatu. Kwenye wa nne sauti yake, ambayo ilikuwa imeshakuwa nzito, ikapasuka.

“Lakini mimi niko darasa la sita,” alisema. “Shule nitakuwa natokea wapi?”

Bi Futi, pale ukutani, alisikia maneno ‘darasa la sita’, akaishika futi yake shingoni.

Mama Mlezi aliingia wakati huo huo na mtoto mchanga begani. Alitazama mkono wa Mnara ulioshikwa na mwenzake, akatazama begi, akampakatisha mtu wa kwanza aliyekuwa karibu yule mchanga, na mtu huyo alikuwa Vifungo.

“Nani kampa huyu begi?” Halafu, kabla hajajibiwa, akamwendea Mnara na kumshika mabega kwa kunyoosha mikono juu. “Wewe huendi popote. Unanisikia? Una miaka kumi na mitatu. Huendi popote.”

Mnara alikaa chini kwa kishindo, benchi likalia, akalia na yeye. Alilia kwa makamasi, bila aibu, mabega yale ya mbebaji mizigo yakipanda na kushuka, na mtoto wa miaka mitano akamsogezea rangi yake ya bluu aitumie.

Mama Mlezi alimvuta Bi Futi mpaka kwenye varanda.

“Namba nilimpa msaidizi wangu akuletee.”

“Haikufika.”

“Kwa nini hukuniuliza?”

Bi Futi alikuwa na majibu mengi, na yote yalianza na miaka thelathini. Aliyameza. “Ni nani?” aliuliza.

“Ishirini na tatu.”

Hakuhitaji karatasi kukumbuka. Kifua ishirini na saba. Aligeuka kuangalia ndani, lakini Mama Mlezi alikuwa anatazama upande wa pili, uani.

Uani, watoto wa kike sita au saba walikuwa wamefanya duara, na katikati yao msichana mdogo, mwembamba, alikuwa anaruka kamba. Wenzake walimwita Punje. Homa ya utotoni ilimdumaza, Mama Mlezi alieleza kwa sauti ya chini. Alikuwa ametimiza kumi na minane mwezi uliopita. Mwaka juzi alitapika siku ya zawadi kwa hofu. Mwaka jana alimwomba mwenzake amfungulie kifurushi. Leo alikuwa amefungua mwenyewe, akakuta kamba. Alisimama tu akatoka nayo nje. Sasa alikuwa akiruka kwa miguu miwili, kwa mmoja, akipishanisha mikono, anacheka kinywa wazi, na wadogo wanamhesabia.

“Anajua maana ya kamba ile,” alisema Mama Mlezi. “Anajua ameongezewa mwaka.”

“Haiwezekani akaongezewa kweli?”

“Kitanda chake kimeshaandikiwa mtoto mwingine. Anakuja tarehe moja.” Mama Mlezi alijifuta uso kwa kiganja. “Nitamwambia mimi, jioni.”

“Hapana,” alisema Bi Futi. “Nitamwambia mimi. Sasa hivi.”

Hakusema hivyo kwa ushujaa. Aliona haya, haya ya kweli, ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni, na alijua akiondoka pale bila kusema ataikuta kila siku juu ya meza yake ya kukatia. Akarudi ndani, akamwomba Mnara begi. Mnara alimpa haraka sana, kama linamuunguza.

Ua ule haukuwa mkubwa, lakini aliuvuka kwa muda mrefu. Duara la wasichana lilimwona, likaacha kuhesabu. Punje naye alimwona. Macho yake yalishuka kwenye begi, yakapanda. Hakusimama. Aliruka tena mara tatu, nne, bila kicheko, kamba ikichapa ardhi, na ndipo akaiachia ikalala miguuni pake.

“Hilo si la Mnara?” aliuliza.

“Lilikosewa.”

“Nani alikosea?”

“Mimi, mwanangu.”

Kwa karibu Bi Futi aliona kile ambacho futi haikumwambia. Mikono ilikuwa midogo, lakini ilikuwa mikono ya mtu aliyefua sana. Pembeni mwa macho kulikuwa na uchovu ambao mtoto wa miaka kumi hana. Na alikuwa anahema kama mtu mzima, mkono kifuani.

“Wewe ndiye uliyetupima,” alisema Punje.

“Ndiye mimi.”

“Uliniandika miaka mingapi?”

“Sikuandika miaka. Niliandika inchi.”

“Lakini ulidhani mingapi?”

Bi Futi angeweza kudanganya, na pengine ingekuwa heri. “Kumi,” alisema.

Punje aliinamisha kichwa, midomo ikichezacheza. Alikuwa anahesabu. “Kwa hiyo kwako wewe,” alisema, “nilikuwa nimebakiza miaka minane hapa.”

Bi Futi alifungua mdomo. Alitaka kuahidi. Alitaka kusema njoo karakana, kuna kiti, kuna chumba nyuma ya kwangu, na maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Lakini kiti hakikuwapo. Tajiri alikuwa amepunguza watu wawili mwezi ule ule. Na chumba kilikuwa na wanawe watatu na mama mkwe. Habari moja ya uongo aliyomletea msichana huyu ilitosha kwa siku moja. Akaufunga mdomo, kisha akaufungua tena kwa neno moja tu.

“Nisamehe.”

“Nilijua zamu yangu imefika,” alisema Punje. “Mimi nimekaa hapa muda mrefu kuliko Mama Mlezi. Nilimwona akija na sanduku lake. Hawezi kunisahau.” Alivuta pumzi. “Ila nilivyoiona kamba nikasema, acha niruke kwanza.”

Aliinama, akaiokota kamba, akaizungusha kwenye vishikio vyake vya mbao mpaka ikawa kitita kidogo. Mnara alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi, macho mekundu, hajui aende wapi na urefu wake. Punje alimwendea, na ilimbidi ainue uso ili amwone.

“Shika,” alimwambia. “Wewe bado upo.”

Mnara aliipokea kwa mikono miwili, kama walivyofundishwa.

Punje akarudi, akalichukua begi kutoka kwa Bi Futi, akaliweka begani. Lilinunuliwa kwa bega la mtu mkubwa. Mkanda ulikuwa mrefu mno na begi likampiga kwenye miguu, sufuria ikalia ndani. Mikono ya Bi Futi ikanyooka yenyewe kwenda kuufupisha, maana hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inajua.

“Acha, mama,” alisema Punje. “Nitafupisha mwenyewe.”

Akaukunja mkanda mara mbili, akapiga fundo kubwa, baya, fundo ambalo mtu angefukuzwa nalo kwenye meza ya kukatia. Akalivuta kuona kama linashika. Lilishika. Akaingia ndani nalo, wenzake wakainuka kwenye mabenchi, wakaanza kumpa mkono mmoja mmoja.